Udi wa Mchana

Majirani wa Barabara ya Kumi na Mbili wanacheka:
"Mama Nasra huyo! Udi saa sita mchana,
na mume hata hajatoka bandarini."
Nami nacheka nao, kwa tahadhari,
mapaja nimeyabana, mkono ukutani.
Kicheko kikizidi kimo hakitoki peke yake.

Chetezo hiki sikukiwashia mume.
Nimekiwashia kanga zilizoanikwa chumbani,
na godoro nililogeuza, nikaligeuza,
sasa nalitafutia upande wa tatu.

Ilianza na chafya.
La, nisiongope. Ilianza na Haruna,
kitindamimba, kilo nne na nusu,
mchana kutwa na usiku kucha, pale Bombo.
Nikafunga mkaja siku arobaini.
Tumbo likarudi, nikadhani vyote vimerudi.

Nikaacha baiskeli.
Tanga hii, mtu aache baiskeli!
Nikasema magoti.
Nikaacha arusi, nikasema presha.
Nikaacha maji: ulimi ukakauka,
mkojo ukawa mkali kama siki,
na bado haukuningoja mlangoni.
Nikavaa nyeusi tupu, wakasema kashika dini,
na dini ndiyo iliyoniliza:
natia udhu, nainama, umetoka.
Adhuhuri moja, kutawadha mara tatu.

Haruna alipokuwa wa miaka mitano
nilimwita kikojozi mbele ya wenziwe,
godoro lake nikalitoa barazani watu walione.
Neno lile halikwenda mbali.

Somo yangu, Bi Mwanakombo, alinifunda siku saba.
Kufukiza nguo, kutunga asumini,
kutembea, kunyamaza, kujibu bila kujibu.
Mwili wangu wote aliupitia kama msahafu,
ukurasa huu akauruka.

Jumatano nikamkuta kwenye benchi la kliniki,
kadi mkononi, buibui jeusi kama langu.
"Somo, umemsindikiza nani?"
Akaitazama sakafu.
"Nimejisindikiza."
Halafu, taratibu:
"Mwanangu, na mimi nilikuwa nangoja
aliyenifunda aje anifunde hili."

Nesi Mhina, kijana, rika la Nasra,
hakutuuliza mbona mmechelewa.
Aliomba kanga. Mimi pembe mbili, somo pembe mbili,
katikati akaweka nazi.
"Legezeni." Nazi ikazama.
"Kazeni." Ikapanda.
"Huku chini mna misuli iliyotandazwa hivi,
imebeba kibofu, imebeba kizazi.
Uzazi huilegeza, na umri, na kikohozi, na ndoo.
Si laana, si uchafu. Na wala si nyinyi wawili tu,
nendeni mkahesabu mabuibui hapo nje."

Kaza kama unayezuia. Hesabu hadi kumi, au utakapofika.
Legeza. Pumua. Usibane pumzi, usibane makalio.
Mara kumi, asubuhi, mchana, usiku.
Na maji, jamani, nyweni.

Basi nakaza nikingoja boflo kwa Mwarabu,
nakaza cherehani ikikata uzi,
nakaza muuza samaki akinidanganya bei,
uso mkavu, hajui kuna kazi inaendelea.
Mwezi wa kwanza, hakuna kitu.
Wa pili nikagombana na nesi.
Wa tatu, kanga nne za siku zikawa moja.
Chafya bado hunishinda, hasa za kiangazi.
Akasema ikigoma kabisa kuna madaktari wa njia nyingine;
nikaiweka habari hiyo kibindoni.

Ijumaa nilikwenda Chumbageni kwa baiskeli.
Kwenye shimo la reli niliinuka kitini,
nikasubiri aibu yangu.
Haikuja.

Haruna sasa ana ndevu.
Nimemwomba radhi; akasema hakumbuki.
Amekumbuka. Alijibu upesi mno.

Juzi Bi Mwanakombo kamfunda mwari wa Makorora.
Siku ya sita, asumini zimekwisha kutungwa,
kaagiza kanga moja na nazi.
Wakunga wenzake wakaangaliana.

Na udi? Bado nauchoma, saa sita hiyo hiyo.
Majirani bado wanacheka.
Safari hii wamepatia.